Walipokataa Kumzika Zakaria

Ilikuwa asubuhi ya mvua, nakumbuka, nami ni bibi harusi ambaye bado hajalizoea jiko la mama mkwe, tulipopata habari kwamba Zakaria amefariki. Mwanangu, huyo humjui. Baba yake alivuka kutoka Burundi kuja kulima migomba ya watu hapa Muleba. Zakaria mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akaoa hapa, na Kihaya chake kilinishinda hata mimi Mhaya wa kuzaliwa niliyelelewa Kibeta. Kila msiba wa kijiji hiki, mchimba kaburi alikuwa yeye.

Wanaume wakakaa kikao uani kwake, maiti ikiwa ndani. Mmoja akasema, "Huyu hana ukoo hapa. Akazikwe kwao."

Koku, mjane wake, akatoka. "Kwao ni wapi, baba zangu? Nionyesheni, nitambeba."

Baba mkwe wangu, mtu mpole asiyependa maneno, akasimama na kumgeukia yule msemaji. "Mama yako alichimbiwa kaburi na nani? Siku ile ulimuuliza Zakaria ukoo wake?"

Yule msemaji akachukua mwavuli wake. Lakini usidhani waliona aibu. Waliondoka mmoja mmoja na miavuli yao. Tukamzika sisi wachache, ndani ya kibanja chetu, shamba letu la migomba na kahawa. Mume wangu na baba yake walichimba, mimi na Koku tukabeba jeneza pamoja nao. Hakuna aliyekuja kukaa matanga. Kabla mwaka haujaisha Koku alichukua watoto akahama, na hadi leo sijui aliko. Kahawa ya shambani kwake waliivuna wale wale waliosema mumewe hana ukoo. Baba mkwe naye walimsusa mpaka akafa.

Sasa juzi nimekusikia bombani ukimwita mtoto wa jirani mnyamahanga, mtu wa kuja, na wenzako wakicheka. Ndiyo maana leo nimekuita.

Sikuambii uwapende watu wote. Hata mimi hilo limenishinda. Waliovuna kahawa ile nasali nao kila Jumapili, na sijawasamehe. Ninalokuambia ni hili: mtu aliyelia nawe msibani usimuulize alikotoka. Na wakikaa kikao cha kumtoa mwenzao, usinyamaze, usiondoke. Sema, hata wakikususa.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akukuze, akupe nyumba ambayo jirani yeyote haogopi kubisha hodi.