Nyanjige alitoa zamu yake ya palizi, wodi ikaingia kwenye bajeti

Saa mbili asubuhi, Nyanjige Mboje anavua ndala mlangoni, anachungulia ndani ya wodi ya wazazi ya Kijiji cha Mwagilonji, kisha anageuka mbio kuwaendea kina mama waliokaa barazani.

"Wa kike!" anatangaza.

Vigelegele vinalipuka hadi mbuzi waliolala kivulini wanainuka. Muuguzi Elizabeth Ngassa anatoka kuomba kelele zipungue. Nani amsikilize? Nyanjige ndiye anayeongoza kwa ukaidi.

Mama huyu wa miaka 47 ni mkulima wa pamba na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba, vumbi hadi magotini, kuuliza nani mjamzito na nani hajampeleka mtoto chanjo. "Mwangaluka, mayu," anasalimia kila mlango kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama, na akishakaribishwa haondoki bila jibu.

"Huyu mama ni king'ang'anizi," anasema Elizabeth akicheka. "Ukimficha mimba leo, kesho yuko mlangoni kwako tena."

Wodi hii ina historia, na si ya kufurahisha tangu mwanzo. Zamani mjamzito wa Mwagilonji, umbali wa saa moja kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini, alilazimika kuvuka mto kwenda kituo cha afya kilicho kilomita 18. Miaka minne iliyopita, Kija, mkwe wa Nyanjige, alijifungulia njiani, ndani ya mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto hakuishi.

"Nilikuwa nimemshika mkono," anasema Nyanjige, na kwa mara ya kwanza sauti inashuka. "Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu wajifungulie kwenye huduma. Huduma yenyewe iko wapi? Niliona aibu, nikaona na hasira. Hasira ikazidi."

Kijiji kilikuwa na msingi wa wodi uliotelekezwa na matofali ya kuchoma yaliyoanza kuota nyasi. Kwa utaratibu wa halmashauri yao, wananchi huinua kuta hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ndipo serikali inatenga fedha za kupaua na kumalizia. Mtendaji wa kijiji hakuwaficha: kuta zisipofika lenta mwishoni mwa Januari, wodi haiingii kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata.

Januari! Mwambie mtu mwingine. Huku Januari ni palizi, na magugu hayajui bajeti. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha nguvukazi mara mbili, wakatokea wazee wanne, mmoja wao amekuja kuuliza kama kuna chai.

Lakini kuna mwito mmoja ambao hakuna anayeukwepa. Wakulima wa hapa wanapalilia kwa zamu: ngoma inalia, kikundi kizima kinahamia shambani kwako leo, kesho kwa jirani. Usipokwenda kwa mwenzio, kwako hawaji.

"Kwenye zamu ya mtu, hata mgonjwa anajikongoja," anasema Maduhu Salu, nsumba ntale, kama anavyoitwa kiongozi wa kikundi hicho.

Zamu ya Nyanjige ilipofika, watu kama arobaini walitua shambani kwake na majembe. Akawapa uji, akawaacha wanywe wamalize, kisha akasema, "Leo shamba langu ni ule msingi wa wodi. Nifuateni."

Maduhu alidhani mama amechanganyikiwa. "Nikamwambia, mayu, pamba yako inamezwa na magugu, unaona? Akanijibu, zamu ni yangu au ni yako? Nikachukua ngoma. Zamu ya mtu ni yake."

Ngoma ikahamia kwenye msingi. Waliokuja kupalilia wakabeba matofali, wakakanyaga udongo, na mafundi wawili wa kijijini wakajenga huku nyimbo za palizi zikiimbwa. Jioni kuta zilikuwa usawa wa madirisha.

"Zamu iliyofuata ilikuwa yangu," anasema Maduhu. "Sasa nipige ngoma watu waje kwenye pamba yangu, na yule mama amejinyima? Nikatoa na mimi." Wengine wawili wakamfuata. Maofisa mipango wa halmashauri walipofika kukagua, lenta ilikuwa imekauka.

Februari mwaka jana, baraza la madiwani lilipokaa kupitisha bajeti, Nyanjige na wenzake watano walikaa viti vya nyuma kabisa. Mwananchi anaruhusiwa kusikiliza, si kusema. Ikasomwa barabara, yakasomwa madarasa, mara: umaliziaji wa wodi ya wazazi Mwagilonji, Sh62 milioni.

Nyanjige akasimama na kigelegele kilichonyamazisha ukumbi. Mwenyekiti wa baraza akagonga meza, akauliza ni nani huyo.

"Nikasema ni mimi, mheshimiwa, nitoeni nje tu. Nilichokuja kusikia nimeshakisikia," anasimulia, akicheka hadi anafuta machozi kwa kanga. "Nikatoka mwenyewe, nikicheza."

Wodi ilifunguliwa Februari mwaka huu. Tangu hapo hakuna mama wa Mwagilonji aliyejifungulia njiani. Hakuna hata mmoja. Agosti alikuja Kija mwenyewe, akatoka na mtoto wa kiume anayelia kwa nguvu zote.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Shamba la Nyanjige, ambalo hutoa kilo 800 za pamba, msimu ule lilitoa 230. Mumewe, Shija Danford, alikuwa amepanga kununua plau kwa pamba hiyo.

"Nilisusa hadi chakula," anakiri Shija, tunapomkuta nyumbani akirekebisha nira ya ng'ombe. "Pamba ilikuwa yetu sote. Hakuniuliza."

Nyanjige habishi. "Ni kweli, sikumuuliza. Angekataa."

Sasa anataka nyumba ya muuguzi. Elizabeth amepanga chumba kijiji cha jirani, na uchungu hausubiri mtu atoke kwake. Kuta za nyumba hiyo nazo lazima zifike lenta kabla ya Januari kuisha.

Je, atatoa tena zamu yake? King'ang'anizi wa Mwagilonji anasita. Anamtazama mumewe.

"Hilo tutaongea wenyewe," anasema taratibu.

Shija hainui hata kichwa kwenye nira. "Tuongee nini? Toa zamu. Pamba nimeanza kupalilia tangu juzi."