Chupa Mbili za Rangi ya Kucha

Kazini, kwenye stoo ya hospitali, watu walimwita Injinia, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Cheti cha uinjinia hakuwa nacho. Alikuwa na bisibisi saba, na kompyuta aliyoiunda mwenyewe sebuleni kwa viungo vya kompyuta nne marehemu. Kwa umbo ilikuwa kabati la viatu lenye feni. Kwa kuwa nyaya zote alizookoteza zilikuwa nyeusi tii, Injinia aliazima chupa mbili za rangi ya kucha za mkewe, akatia kidoti kwenye kila waya, na kidoti kama hicho mahali pake kwenye ubao wa ndani. Ubunifu huo aliusimulia mpaka wagonjwa wakaujua.

Ijumaa moja asubuhi mkewe, muuguzi, alitoka mara moja kununua mkate. Tasnifu yake ya miaka miwili ilitakiwa ifike chuoni kwa baruapepe kabla ya saa sita mchana, la sivyo angerudia mwaka. Ilibaki kupitia ukurasa wa shukrani tu. Kurasa zote mia na kumi zilikuwa ndani ya kabati la viatu, na kwingineko hazikuwapo, maana Injinia ndiye aliyejitolea kuzinakili kwenye flashi, na alikuwa bado anatafuta siku nzuri.

Siku nzuri ya kuongeza memori na feni kubwa zaidi aliipata bila shida. Alitaka kumpa mkewe mshtuko wa furaha. Nusu ya nia yake ilitimia.

Mke aliporudi alimkuta mumewe anabonyeza kitufe kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Feni haizunguki, taa haiwaki.

"Baba watoto," alisema taratibu mno, "niambie hujaigusa."

"Nimeiboresha."

"Naona. Hata kelele imeacha."

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi tangu asubuhi, aliweka kikombe chini. "Mkwe, umejaribu kuipiga kofi?"

"Mama, hii siyo redio."

"Ni kweli. Redio ingekuwa imeshawaka."

Injinia alitoa memori mpya, akarudisha ya zamani. Kimya. Akabadilisha soketi, akapuliza vumbi, akasoma kwenye simu ushauri wa watu kumi na wanane, ambao waliafikiana jambo moja tu, kwamba wenzao hawajui kitu. Mwishowe alitangaza, kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji, kwamba ubao umekufa.

"Na kazi yangu?"

"Ipo. Ni salama kabisa. Haifikiki tu."

Mkewe hakupiga kelele, heri angepiga. Alimpa mumewe tochi ashike, akapiga magoti, akachungulia ndani kwa jicho la mtu aliyezoea kutafuta mishipa ya watoto wachanga. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

"Hizi nyaya ulizichomoa?"

"Ilibidi, feni ilikuwa haipiti. Lakini nimezirudisha, rangi kwa rangi."

"Waya wa kitufe cha kuwashia una rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na wa taa?"

"Nyekundu ile... nyingine."

Mama mkwe alivaa miwani.

"Bwana wee, hii ni pinki!" mkewe alisema. "Nyekundu umeichomeka kwenye pinki, pinki kwenye nyekundu." Aligeuka, akamtazama kama aliyeletewa faili la mgonjwa mpya. "Hebu subiri. Kila nikikuuliza gauni lipi linanipendeza, huwa unajibu nini?"

"Yote," alisema Injinia kwa unyonge.

"Mimi nikadhani ni mapenzi. Kumbe macho!"

Alibadilisha nyaya mbili, akabonyeza. Feni ikanguruma, kioo kikawaka, na Injinia akasema alikuwa anashuku nyaya tangu mwanzo.

Mkewe alifungua ukurasa wa shukrani. Mstari wa mwisho ulisema, "Namshukuru mume wangu kwa msaada wote wa kiufundi." Aliusoma kwa sauti, mara mbili. Akafuta maneno manne, akaandika mawili, na saa tano na dakika hamsini na mbili tasnifu ikaenda.

Ipo katika maktaba ya chuo hadi leo, na mwenye kupenda akaisome: "Namshukuru mume wangu kwa kushika tochi."