Kiberiti Katika Mkono wa Kimono

Kazi ya Toyono ilikuwa kuwageuza wasichana kuwa wake za watu. Alifanya hivyo asubuhi, kabla taa hazijawashwa, katika studio moja ya filamu pale Kamata. Alizipaka nywele zao mafuta ya kamelia, akazivuta mpaka ngozi ya uso ikakaza, kisha akafunga utosini lile fundo la mviringo ambalo mwanamke aliyeolewa hatoki nje bila kulifunga. Jioni alilifungua, na msichana akaenda zake dansini.

Masika ya mwaka ule walikuwa wanapiga picha za tukio la mume anayerudi alfajiri kutoka kwa mwanamke wake wa pembeni. Mkewe anampokea, anamvua kimono, anakikunja. Wakako, binti wa Osaka aliyekuwa mke siku hiyo, kila akishika kimono alibubujikwa na machozi.

"Simama!" alifoka mwongozaji, Bwana Asakura. "Wewe, umefiwa na ng'ombe?"

"Sasa mwongozaji, mimi nitajuaje? Sijaolewa!"

Asakura akatazama huku na huku. Wote mle ndani walikuwa makapera, isipokuwa mtu wa nywele.

"Bi Toyono, marehemu mumeo alikuwa mtu wa kurudi alfajiri?"

"Kila wiki."

"Ulifanyaje?"

"Nilikunja." Toyono aliongea akiwa na kitana mdomoni. "Ndani ya mkono wa kimono, ambao wanaume huufanya mfuko, mlikuwa na kiberiti cha nyumba ya starehe ya mwanamke wake, kina jina la nyumba hiyo. Nilikitoa nikakunja, halafu nikakirudisha."

"Ulikirudisha? Kwa nini?"

"Kilikuwa cha mume wangu."

Asakura akaagiza kiberiti.

Filamu ilifika mtaani kwao mwezi wa tisa. Wiki hiyohiyo Bi Kuwabara, mshenga, alileta picha ya karani wa benki kwa ajili ya Sumie, binti pekee wa Toyono. Picha ikilala hapo hadi Jumapili jioni, alisema, atahesabu wamekubali. Sumie alikuwa mpiga chapa ofisini, nywele amezikata mpaka masikioni, na miezi michache nyuma angeitupa picha ile dirishani. Safari hii aliitazama kidogo akaiweka kabatini.

"Ukisema niende, mama, nitaenda."

Jumapili mchana walikwenda kutazama filamu. Filamu zilikuwa bado bubu, na kando ya pazia la kuonyeshea alisimama msimulizi aliyevaa koti jeusi, akiwasemea waigizaji. Ilipofika zamu ya kiberiti, sauti yake ikatetemeka.

"Tazameni, mabibi na mabwana! Moyo unavuja damu, lakini mkono hautetemeki! Huu ndio uvumilivu wa wake zetu, huu ndio upendo usiodai kitu!"

Wanawake wakatoa vitambaa. Mwanamume mmoja nyuma akapiga makofi. Toyono alikitazama kiberiti kikiingia tena mahali pake, akajaribu kukumbuka huo moyo uliokuwa ukivuja damu. Hakuupata. Alikumbuka tu kwamba sakafu ilikuwa baridi na kwamba alitaka kurudi kulala. Ndivyo walivyolipachika jina tukufu jambo ambalo kwake halikuwa na jina lolote, na ukumbi mzima ukalilia.

"Ni wewe yule," Sumie alinong'ona.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unavumilia?"

"Sikuwa nahisi kitu."

Sumie aliendelea kutazama pazia. Uso wake ulikuwa umetulia kama bakuli lililooshwa.

"Si vigumu, basi," alisema. "Unakunja tu. Nami nitaweza."

Toyono aliigeukia sauti ile. Aliijua. Ilikuwa ikitoka kinywani mwake kila siku kwa miaka ishirini na miwili, tangu aolewe.

Kabla jua halijazama alikuwa mlangoni kwa Bi Kuwabara, picha imefungwa kwenye kitambaa cha hariri.

"Umeniletea jibu?"

"Nimeleta picha."

"Toyono! Una akili wewe? Hanywi, hachezi kamari, mtoto wa pili asiyelazimika kukaa na wazazi, hata mama mkwe wa kumkalia kichwani hakuna! Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro."

"Binti yako kakataa?"

"Hajakataa. Ndiyo maana nimekuja."

"Sikuelewi."

"Naam," alisema Toyono, akainama mpaka chini kama inavyopasa, akaiacha picha kizingitini.

Njiani alingoja ahisi furaha au hofu, chochote. Alisikia harufu ya kamelia mikononi mwake, basi. Nyumbani Sumie alikuwa ameivisha wali, na akaiona nafasi tupu kabatini.

"Umeirudisha."

"Nimeirudisha."

"Kwa nini? Nilishakubali."

Toyono alifungua fundo lake la kichwani, akaweka vibanio mezani kimoja kimoja.

"Nilikusikia ulivyokubali," alisema. "Kula, wali unapoa."