Nusu ya Uso wa Muli

Nthenya wa mjini Wote alikuwa na kazi ambayo watu huikumbuka wakifiwa. Mtu humletea picha ya marehemu, naye huiingiza kwenye kompyuta, akaondoa rangi, kisha kijivu chote, hata ukabaki weusi na weupe tu, kana kwamba fundi amechonga uso ule kwenye kipande cha linoleamu, akakipaka wino na kukigandamiza juu ya karatasi.

Mwaka huu kazi ilitoka kwao, Kathonzweni. Kakake, Muli, alichukuliwa na mto akirudi kutoka kununua mbuzi Ikutha, na mwili wake haukuonekana. Mama yao, Mwongeli, naye alikuwa akipoteza nuru kwa presha ya macho. Picha za kawaida zilikuwa ukungu mtupu kwake. Weusi mzito juu ya weupe, huo aliuona bado.

"Nitengenezee niione sura yake kabla ya ibada ya ukumbusho," alimwambia bintiye. "Daktari anasema huenda mwezi ujao nisiuone hata mlango."

Picha ilikuwa moja tu, nayo ilinyeshewa. Nthenya aliposogeza alama inayoamua kipi kiwe cheusi na kipi cheupe, upande wa kulia ulijitokeza: jicho, shavu, pembe ya mdomo. Wa kushoto ukazama gizani. Alipoirudisha, ule wa kushoto ukawa mweupe pe, bila jicho. Siku tatu alikwenda mbele na nyuma, na kila mara kakake alimtokea na kutoweka, kama mtu anayeibuka majini, akavuta pumzi, akazama tena.

Irungu, muuza vitabu wa duka la pili, alichungulia. "Dada, umemkodolea huyo mpaka chai imepoa! Si mlifanana kama shilingi kwa ya pili? Jipige picha, ummalizie na uso wako."

Alisema kwa mzaha. Lakini jioni ile Nthenya alijipiga picha, akaukata uso wake nusu, akauunga na wa kakake. Mshono haukuonekana. Yule aliyemtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mzima, na Nthenya akaichapa picha.

Asubuhi ya ibada Mwongeli aliipokea picha uani, juani, akaisogeza karibu kugusa pua. Akatabasamu. Kisha tabasamu likakatika.

"Nthenya."

"Naam, Mwaitu," aliitika, akimwita mama kwa Kikamba.

"Huyu wa upande huu ni mwanangu. Huyu mwingine ni nani?"

"Ni yeye, Mwaitu."

"Macho yangu ni mabovu, akili bado ninayo. Huyo ni wewe." Alimrudishia picha. "Mto umenichukulia mmoja. Wewe unaupelekea wa pili kwa mikono yako?"

Nthenya aliilaza chini. Alitoa mkobani kalamu ya wino mzito, akapiga magoti, akaanza kujifuta: kwanza mdomo, kisha shavu. Jicho lake mwenyewe lilimtazama hadi mwisho, naye akalifunika huku akinong'ona jina la Mwenyezi Mungu.

Mwongeli aliichukua tena, akaitazama kwa muda mrefu nusu iliyosalia. Kisha akaweka kidole juu ya ule weusi.

"Sasa ni Muli," alisema. "Na hapa ndipo alipo."

Wino haukuwa umekauka. Aliingia kanisani na kidole cheusi, wala hakukubali kuoshwa.