Dada aliyezisimamisha mashine

Saa tatu asubuhi, mwanamke aliyekaa karibu na dirisha la ghorofa ya pili amevua viatu, amesogeza kiti mpaka meza imemgusa tumboni, na anafuata mistari kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole. Programu fulani ilikufa jana mchana katika hospitali moja, na yeye anataka kujua ilikuwa inafanya nini ilipokata roho.

"Wewe nani kakutuma?" anakiuliza kioo.

Anabonyeza kitufe. Mstari mwingine unajitokeza.

"Haya. Na wewe je?"

Wenzake watano waliomo chumbani hawageuki, wameshamzoea. Wamempa jina la Kinyumenyume na jina limemkaa, kwa sababu kazi yake ni kuanzia mwisho wa mambo na kurudi hadi mwanzo. Hata wanawe wawili wakigombana nyumbani kuhusu nani kavunja kikombe, huwaambia waanze na vipande.

Kampuni anayofanyia kazi hutengeneza programu za kuendesha mashine za hospitali, zikiwemo zile za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Programu ikizima ghafla, mashine huhifadhi picha ya kila kilichokuwa kichwani mwake dakika ile. Picha hiyo huletwa kwake. Yeye huifungua kwa dibaga, yaani programu inayosaka kasoro ndani ya programu nyingine, kisha huanza kuifumua.

Mwandishi wa makala haya alikuja akidhani kufumua huko ni suala la kubofya na kusubiri. Alipewa kiti na kuelezwa taratibu, kwa sauti ambayo bila shaka wanawe wanaijua.

"Chukulia mama kamtuma mtoto mkubwa chumvi dukani," anasema. "Mkubwa kamtuma wa kati. Wa kati kamtuma mdogo. Chumvi haikuja. Unatoka nje, unamkuta mdogo kakwama njiani. Unamuuliza, nani kakutuma? Unakwenda kwa huyo wa kati, unamuuliza hivyo hivyo, mpaka unafika kwa mama. Na programu ni hivyo. Kazi moja inaituma nyingine, na kila inayotumwa inawekewa alama ya mahali pa kurudi. Alama zinapandana, tabaka juu ya tabaka. Mimi naanza na ile ya juu kabisa, ya mwisho kutumwa, nashuka."

Tatizo ni kwamba alama hizo ni namba tupu. Ili ziwe majina ya kueleweka, dibaga husoma faili la majina lililozaliwa siku moja na programu yenyewe. Programu ikirekebishwa hata kidogo, namba husogea, na toleo jipya huwa na faili lake. Ukikosea ukaipa dibaga faili la toleo jingine, haigomi. Itakupa majina, tena yenye kueleweka, ila ya wasiohusika.

"Hapo ndipo yalipotokea yale," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaondoa mikono kwenye kibodi.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mashine moja ya kusafisha damu ilizima mgonjwa akiwa bado ameunganishwa nayo. Wauguzi walimrudishia damu yake kwa mkono na akaenda nyumbani salama. Wiki hiyo hiyo ikazima nyingine, na hospitali ikaziweka zote kando kusubiri jibu.

Mkuu wa kitengo, mtu makini na asiyepiga kelele, aliifungua picha mwenyewe. Kufikia alasiri alikuwa na jibu: kasoro ilikuwa katika sehemu inayopanga kasi ya pampu. Sehemu hiyo ikarekebishwa. Mashine ya majaribio pale ofisini ikaendeshwa mfululizo bila kusita. Hospitali ikaambiwa mashine zake zote zitarudi kazini keshokutwa.

Kinyumenyume alilisoma jibu lile jinsi anavyosoma kila kitu, na mstari mmoja ukakataa kumwingia akilini. Ulionyesha kwamba kazi ya pampu ilikuwa imetumwa kutoka mahali fulani ndani ya programu. Akafungua mahali hapo kuangalia.

"Palikuwa na kujumlisha tu. Namba hii ongeza namba ile, basi. Hapamtumi mtu popote. Sasa huyu anayesema katumwa kutoka hapa, katumwa na nani?"

Aliuliza mashine za hospitali zilikuwa na toleo gani. Lilikuwa la zamani. Mkuu alikuwa ametumia faili la majina la toleo jipya.

Dibaga hutoa onyo jambo la namna hiyo linapotokea. Lakini katika chumba kile onyo lilikuwa limezimwa siku nyingi, kwa makubaliano ya wote, kwa sababu lilikuwa likitokea hata toleo lilipotengenezwa upya bila kubadilishwa chochote.

"Lilikuwa linatusumbua," mkuu wa kitengo anakiri. "Tukalizima kwa pamoja, kisha tukasahau kwamba tumelizima. Nilikuwa na jibu lililonyooka, na hospitali inapiga simu kila saa. Ungekuwa wewe ungelitilia shaka?"

Mwandishi naye asingelitilia.

Faili sahihi la toleo la zamani halikuwepo. Lilifutwa kupunguza mzigo kwenye kompyuta, na kulitengeneza tena kungechukua muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Kwa hiyo siku ile Kinyumenyume alijua jambo moja tu, kwamba jibu lililopo ni la uongo. La kweli hakuwa nalo. Mpaka lipatikane, mashine zote zilipaswa kukaa kimya.

Na mdogo wake, kinyozi, wa kumfuata ziwa, alikuwa akisafishwa damu kwenye mashine hizo hizo mara tatu kwa wiki.

Jioni hiyo alipitia kwenye kibanda cha kunyolea cha mdogo wake. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu imemvimba, mteja wa mwisho akijipangusa shingo mlangoni.

"Dada, mbona umekuja na uso wa mwenye nyumba anayedai kodi?" mdogo wake alimtania.

Alingoja mteja aondoke, akamweleza yote.

"Nikinyamaza, keshokutwa zinarudi," alimwambia. "Unakwenda zamu yako kama kawaida."

"Na zikizima?"

"Zinaweza zisizime. Zinaweza kuzima wewe ukiwa umefungwa humo."

"Au mwingine."

"Au mwingine."

Kinyozi alikusanya nywele za sakafuni kwa ncha ya kandambili, akazirundika pembeni. Anavyokumbuka dada yake, hakuonekana mwenye hofu. Alionekana mtu anayepiga hesabu zake.

"Kama usingekuwa dada yangu ungefanya nini?"

"Ningezisimamisha."

"Basi leo usiwe dada yangu."

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa kitengo, na hakukubali kukaa. "Nilimwambia, fikiria vizuri, wewe una mtu wako kule," mkuu anasimulia. "Akaniambia, ndiyo maana nimesimama, nikikaa nitabadili mawazo." Kabla ya mchana barua ilikuwa imekwenda hospitali. Mashine zikafunikwa kwa shuka.

Wagonjwa walipelekwa hospitali nyingine, ambayo ilikuwa imeelemewa na wagonjwa wake yenyewe. Muda wa kila mtu kwenye mashine ukakatwa nusu ili wote wapate. Kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi, nusu ya muda maana yake ni maji yanayobaki mwilini. Kwanza miguu, kisha tumbo, kisha pumzi.

Ofisini, Kinyumenyume na wenzake wawili walijaribu kulizaa upya toleo la zamani. Kila walipolitengeneza, namba zilikuwa jirani na zile za kwenye picha lakini hazikuwa zenyewe, na jirani haitoshi. Ilibidi watafute kompyuta ya enzi zile yenye vifaa vya enzi zile. Waliipata stoo, chini ya maboksi ya karatasi, ikiwa haina hata waya wa umeme.

Mwisho wa wiki ya tatu namba zikalingana. Aliifungua picha ya mashine iliyokufa kwa faili lake halisi, akauliza nani kamtuma nani. Majina mawili yakaanza kujitokeza kwa zamu, la kwanza, la pili, la kwanza, la pili, yakajaza kioo, yakaendelea hata alipoteremsha na kuteremsha.

Kumbe kengele ya tahadhari ilikuwa ikilia na kutuma tukio liandikwe kwenye kumbukumbu za mashine. Kumbukumbu zilikuwa zimejaa. Kujaa huko nako kulikuwa ni tukio la kupigiwa kengele. Kengele ikatuma liandikwe. Zikatumana hivyo, kila moja ikiwekewa alama yake ya kurudi, mpaka alama zikakosa mahali pa kukaa na programu ikafa.

Pampu haikuhusika hata kidogo. Na mashine ya majaribio isingezima kamwe, kwa kuwa ilikuwa mpya na kumbukumbu zake zilikuwa karibu tupu. Za hospitali zilikuwa zimefanya kazi miezi na miezi. Zingerudishwa keshokutwa ile, zingezima tena siku yoyote, kwa yeyote.

"Ulifurahi?" mwandishi alimuuliza, na alijuta kuuliza hata kabla hajamaliza.

"Mdogo wangu tulikuwa tumeshamzika," alijibu.

Kinyozi alifariki katika wiki ya pili, mapafu yamejaa maji, akiwa kwenye benchi la hospitali ile nyingine akingoja zamu. Dada yake alirudi kazini siku tatu baada ya mazishi. Wapo waliomsema. "Ningekaa nyumbani nifanye nini?" anauliza. "Wenzake walikuwa bado kwenye benchi."

Mashine zilirekebishwa na kurudishwa, na tangu hapo hakuna iliyozima kwa sababu ile. Muuguzi anayesimamia wodi anasema wagonjwa wengi hawajui lolote. "Wanakuja, wanalala, wanachezea simu zao, wanaondoka. Hawamjui huyo mama. Mimi namjua, na kuna siku nikiwaangalia walivyolala machozi yananilenga."

Ofisini onyo limewashwa, na hakuna mwenye ruhusa ya kulizima. Kinyumenyume sasa anaandaa utaratibu wa kutunza faili la majina la kila toleo lililowahi kutoka, hata lililozeeka vipi, na anataka dibaga ikatae kabisa kufungua picha kwa faili lisilo lake. Anasema ataimaliza kazi hiyo kabla mwaka haujaisha, na ukimwona anavyosema hutathubutu kumbishia.

La nyumbani ndilo gumu. Siku ya msiba, wifi yake, mjane wa kinyozi, alisimama mbele ya watu akamnyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyezisimamisha," alisema. Kinyumenyume aliitikia kwamba ni kweli. Tangu siku hiyo watoto wa marehemu huja kwa shangazi yao, hula, hucheza. Mama yao huwafikisha getini na kugeuka.

Maneno ya kule kwenye kibanda cha kunyolea Kinyumenyume hajawahi kumwambia wifi yake. "Ningemwambiaje? Aache kunikasirikia mimi aanze kumkasirikia marehemu?"

Mwandishi alimuuliza kama angependa sehemu hiyo iachwe. Aliangalia nje ya dirisha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba kitu, na mwandishi aliona aibu kuwa pale.

"Hapana, iandike," alisema mwishowe. "Wifi yangu analisoma gazeti lenu. Nataka ajue mume wake hakuamuliwa na mtu. Aliulizwa, akaamua mwenyewe, na alikuwa na akili zake timamu. Kuficha jambo hilo nilidhani namsitiri, kumbe namnyima haki yake."

Aliivuta kibodi karibu, kisha akaisukuma tena.

"Na akishasoma, akitaka kuja kunifokea, aje. Ila asiishie getini. Aingie ndani, akae, anifokee akiwa amekaa."