Mstari Mweupe Kwenye Ukingo wa Sufuria

Jumamosi, 28 Juni 1997. Upepo wa baridi tangu alfajiri, jua lipo lakini halichomi.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea mahali mnisamehe. Ila niliyoyaona nayakumbuka.

Nilikuwa nafanya kazi katika mji wa pwani wa Isipingo kwa mzee mmoja wa Kihindi, aliyekuwa akipaka bati la kuyeyusha ndani ya sufuria za shaba za wapishi wa harusi. Shaba bila bati huharibu chakula. Kwa mwaka mmoja na nusu kazi yangu ilikuwa kusugua kwa mchanga na limau, na kuvuta mivukuto ya kupulizia moto. Bati lenyewe hakuniruhusu kulishika. Sisemi alinionea. Bati lilikuwa ghali, na moto ukizidi kidogo tu linageuka njano, kazi imekufa.

Asubuhi ile mzee alikuwa amekwenda kupeleka sufuria kwenye harusi. Akaja mama mmoja Mzungu kutoka mtaa wa Berea, mwalimu wa uchoraji, na sufuria kuukuu ya shaba, na picha. Picha ilikuwa nakala ya mchoro wa Mhispania wa zamani: sufuria ya shaba, mtungi uliofunikwa kwa kigae, samaki wawili, vitunguu, mkate. Hakuna mtu, vyakula tu na vyombo. Alitaka kupanga vitu hivyohivyo mbele ya wanafunzi wake Jumatatu.

"Nisugulie tu nje, ing'ae," alisema.

Nikaitazama picha. "Mama, hii ya kwenye picha ina bati ndani. Limepanda mpaka juu ya ukingo, ona huu mstari mweupe. Na hapa limelika, shaba imetokeza. Ndipo walipokuwa wanagongea mwiko."

Akacheka, si kwa dharau. "Huo ni mwanga wa dirishani. Mchoro huu nimeufundisha miaka kumi."

Sijui ulimi niliutoa wapi. "Niachie mpaka saa nane. Nitaipaka, utaona."

Akaniachia sufuria na picha. Alipoondoka ndipo nilipoona nilichojiingizia. Nikiunguza sufuria ya mteja, kibarua sina. Mke wangu, Mkongo asiyemung'unya maneno, aliyeuza vitenge pale stendi ya teksi, alikuwa amepita kuniletea chai. Nikamweleza.

"Weye iko fundi ya kupuliza moto tu! Mzee atakufukuza. Mimi nitacheka kwanza, halafu nitalia."

Alisema kweli. Nilikuwa sijapaka hata kijiko. Lakini akaweka chupa ya chai chini, akaketi kwenye mivukuto.

Nikasugua. Sufuria ikapata moto, nikanyunyiza unga mweupe wa kushikisha bati, unaotoa moshi wa kukohoza, nikagusisha ncha ya bati. Halikuyeyuka.

"Vuta!"

"Navuta! Unataka niingie ndani?"

Mara likatiririka kama maziwa. Nikalikimbiza kwa pamba, chini, ubavuni, mpaka juu ya ukingo, kama kwenye picha. Ndani ikawa kioo, nikauona uso wangu umejaa masizi. Kwa haki niseme: palibaki doa moja, kubwa kama ukucha, ambapo bati halikushika.

Saa nane mama akarudi. Nikaiweka sufuria kando ya picha, mbali na mlango, kivulini. Mstari mweupe ulikuwepo. Akaigeuza, akaikinga mwanga kwa koti lake. Mstari haukuondoka.

"Eish," akasema. "Jumatatu nitawaambia wanafunzi wangu kwamba nilikosea."

Nikamwambia ule mng'ao wa kwenye tumbo la mtungi wa pichani ni mwanga kweli, pale hakukosea.

Tukiwa bado tumeinama, mzee akaingia.

"Nani ameshika bati langu?"

"Mimi, mzee."

Kidole gumba chake kikazunguka ndani ya sufuria, kikasimama palepale penye doa. Nikafumba macho.

"Hapa hukusugua vizuri," akasema. "Kwingine sina neno."

Akaburuta sufuria kubwa ya harusi ya wiki iliyofuata mpaka mbele yangu, akanipa bati mkononi, halafu akaketi yeye kwenye mivukuto.

"Haya, unangoja nini?"

Makundi ya samaki wa sadini yalikuwa yameingia pwani wiki ile, kama kila msimu wa baridi. Jioni tulikula sadini za kukaanga kwa ugali, na limau lililobaki kwenye kusugua. Mke wangu aliniwekea samaki mkubwa kuliko wake, akasema nisizoee.