Taa ya Mchimba Visima

“Siku ile mjinga nilikuwa mimi.” Hivyo ndivyo mtumishi wa Mungu aliyeitwa Mchimba Visima alivyotaka maisha yake yaanze kusimuliwa. Tutamtii, ila tutangulize kuzaliwa kwake, maana hata mjinga lazima azaliwe kwanza.

Alizaliwa mwaka wa ukame, katika chumba nyuma ya karakana ya baba yake, mchimba visima naye. Kabla hajaota ndevu alikwisha kuijua sheria ya kazi: mtu hashuki kisimani mpaka taa ya mafuta imetangulia kwa kamba. Ikiendelea kuwaka, shuka. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya, na atakayeshuka hatapanda kwa miguu yake. Akakua, akaoa, akaokoka, akawa mwombaji wa kusifika. Akifumba macho kanisani, watoto walisinzia wakaamka, yeye bado hajafika amina. Sifa zikampanda kichwani.

Ndipo kisima cha uani mwa kanisa kilipokauka. Waumini walisimama na ndoo tupu, macho yote kwake. Mkewe akamletea taa.

“Irudishe,” akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma. “Taa ni ya wasio na imani. Mimi ninaye Mungu.”

“Mungu unaye, mume wangu, lakini na pua unayo.”

Watu wakacheka. Yeye akanuna, akajifunga kamba kiunoni, akashuka. Kamba ikaenda, ikaenda, halafu ikalegea. Mke akaita. Kimya. Akaita tena, sasa kwa jina la faraghani ambalo waumini hawakuwahi kulisikia. Kimya. Mdogo wake wa kiume akarukia ukingo amfuate shemeji yake. Mke akamdaka shati.

“Ukishuka nitavuta maiti wawili! Shika kamba!”

Wakavuta. Kamba ikanasa kwenye jiwe, ikagoma, ikajinasua. Alipotokea, midomo ilikuwa imegeuka rangi. Wakampepea na kumwita, mkewe akimsihi Mungu bila mapambo yoyote, hata mume akakohoa. Neno lake la kwanza halikuwa haleluya.

“Mke wangu, ile ilikuwa imani, au nilitaka kuonekana?”

“Ulitaka kuonekana,” akajibu huku analia.

Huo ndio ulikuwa wito wake. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kula, aliketi mbele ya mkewe na kuuliza, “Leo taa yangu imefifia wapi?” Naye mama yule hakumung’unya maneno: ulimfokea kibarua, uliomba huku unasikiliza nani anakusikia. Basi mzee aliinuka, akamtafuta aliyemkosea amwombe radhi, ndiyo maana chakula cha moto alikijua kwa kusimuliwa tu. Kazi ilipokosekana hakubabaika. Aliomba kwa maneno machache, akanoa sururu, akangoja, na Mungu hakumwacha. Katika visima vyote alivyochimba baada ya siku ile, hakuna aliyefia ndani, na waumini huuita huo muujiza wake. Alifariki kitandani jioni moja, swali lake likiwa bado mdomoni. Mkewe alimjibu, “Leo inawaka.” Nasi tumwige: anayemtumaini Mungu haogopi kujipima.

Baada ya mazishi, kisima kile cha kanisa kikahitaji kusafishwa. Mdogo wa mjane, mvi kichwani sasa, akajifunga kamba.

“Dada, taa ya nini? Shemeji alifufukia hapa. Kisima kimebarikiwa hiki.”

Mjane akaishusha taa polepole. Mwanga ukatelemka, ukafifia, ukazimika.

“Upepo tu huo,” akasema mdogo mtu, mguu mmoja tayari ndani. “Dada, tumwamini Mungu!”

“Na hiyo taa, unadhani ameizima nani?”